Maji ya Alhamisi

Mzee Emilian alishuka kutoka Mwika siku ya Jumatatu akiwa na mkungu wa ndizi, koti zito lisilokuwa na kazi huko aendako, na neno moja ambalo alikuwa hajalitamka. Neno lenyewe familia nzima ilikuwa inalisubiri. Zile ploti sita za mpunga za Chekereni, alizozipata yeye enzi za nguvu zake, zibaki mikononi mwa mkwe wake Digna, mjane wa mwanawe marehemu Godwin, au apewe Wilbert, kitindamimba wake, aliyekuwa anaishi Shirimatunda na kuuza spea za pikipiki mjini Moshi? Wilbert alikuwa ameshauliza mara tatu. Digna hakuuliza hata mara moja, na mzee hakujua kama huo ulikuwa unyenyekevu au kiburi. Akasema atashuka mwenyewe, ayaone mavuno kwa macho yake, kisha atatoa uamuzi.

Wazee wa mlimani wakishuka tambarare hushuka kama wakaguzi. Joto linawaonea, mbu wanawaonea, lakini maoni hayawaishi. Kabla chai haijapoa Mzee Emilian alikuwa ameshagundua kwamba ile migomba michache nyuma ya nyumba ya Digna imebanana, kwamba banda la kuku limeelekezwa pasipofaa, na kwamba watu wa Chekereni wanasalimiana mbiombio kama wanaowahi basi.

"Shikamoo baba," Digna alikuwa amemwambia alipomtua mkungu wake.

"Marahaba mama Brenda. Mmeamkaje huku kwenye joto?"

"Tumeamka salama. Brenda yuko shule, bwenini. Jumamosi tunavuna."

Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na tangu Godwin afariki miaka miwili iliyopita alikuwa ameyapunguza na hayo machache.

Chini ya banda la mabati kando ya nyumba zilikuwepo mashine mbili za kuvunia, kombaini kama wanavyoziita huko, zote kuukuu. Godwin na Digna walinunua ya kwanza ikiwa tayari imeshachoshwa na mpunga wa Japani, na ubavuni ilikuwa bado na maandishi ya kwao ambayo Chekereni nzima hakuna aliyewahi kuyasoma. Miaka minne baadaye wakaongeza ya pili. Mudrik, fundi wao, mtoto wa mjini Moshi ambaye babu yake mmoja alikuwa Mpare, mwingine Msomali, na bibi zake hawakuwahi kukubaliana walitoka wapi, ndiye aliyezipa majina. Ya zamani aliiita Bi Mkubwa, ile mpya Bi Mdogo. Bi Mdogo alikuja kwa mbwembwe, akafanya kazi misimu mitatu, akaua injini. Tangu hapo alikuwa anasimama bandani akinyofolewa kiungo kimoja kimoja: leo beringi, kesho visu, keshokutwa chekeche. Bi Mkubwa aliendelea kuishi kwa mwili wa mke mwenzie, na Mudrik alisema hajawahi kuona ndoa ya mitala yenye amani kama ile.

Aliyemwendesha Bi Mkubwa ni Digna mwenyewe. Alianza Godwin alipougua, na watu walipokuja kuangalia kama atagonga kingo za majaruba hawakupata cha kusimulia. Alikuwa anakaa pale juu kajifunga kitenge, kavaa kofia ya marehemu, anaisikiliza mashine huku kichwa kimeinama upande mmoja. Ikikohoa anasimama kabla haijafa. Mzee Emilian aliambiwa hayo yote na majirani Jumanne na Jumatano, akayapokea kwa kutikisa kichwa, bila kuonyesha kama yamempendeza. Ukweli ni kwamba yalimpendeza sana, na alikuwa ameanza kulegea upande wa Digna.

Sasa, kuna jambo moja la kuelewa. Mpunga unakua ndani ya maji, hilo linajulikana. Lakini kombaini haitaki maji hata kidogo. Ina uzito wa ng'ombe kumi, inatembea juu ya mikanda miwili mipana ya mpira, na udongo mweusi wa Chekereni ukiwa laini unaimeza bila huruma. Ndiyo maana wiki mbili kabla ya kuvuna ploti hufungiwa maji, ardhi ikauke mpaka ipasuke. Mtoto wa darasa la pili Chekereni anajua. Mzee Emilian hakujua, kwa kuwa miaka yake walivuna kwa mundu, na mtu mwenye mundu akizama kwenye tope anavuta mguu, anaendelea.

Alhamisi asubuhi mkanda wa feni ya Bi Mkubwa ulikutwa umechanika, na wa Bi Mdogo ulikuwa umeshatumika tangu mwaka juzi. Digna na Mudrik wakaenda mjini kutafuta mwingine. Mzee akabaki peke yake, akachukua fimbo yake akaenda kutembea kwenye majaruba. Akaona ardhi imepasuka. Mpunga umesimama wa dhahabu, mzito, na chini yake nyufa za kuingia kidole. Ikamuuma. Akajiambia mama Brenda ni mchapakazi, lakini ndiyo hivyo, mtu mmoja hawezi kukumbuka yote.

Hapo akapita mgawa maji juu ya baiskeli yake. "Shikamoo mzee. Maji leo yako mstari wenu mpaka jioni," akasema, kama anavyomwambia kila aliyesimama kando ya mfereji, akaendelea na safari.

Kule Mwika maji hayachezewi. Mfongo, ule mfereji wa kuchimbwa kwa mikono unaotoka msituni na kupita kihamba baada ya kihamba, yale mashamba ya migomba ya kila ukoo, una zamu zake, na zamu ya mtu ni heshima yake. Ukiacha maji yapite bila kuyagusa, juma linalofuata jirani anahesabu kwamba huna haja nayo, na mwaka unaofuata watoto wako wanayaomba kama wageni. Baba yake Mzee Emilian aliwahi kutoka kitandani na homa, akajikokota hadi mfongoni kufungua zamu yake ya nusu saa wakati mvua inanyesha. Hakuwa anahitaji tone. Alikuwa anahitaji waone amefungua.

Mzee akautazama mlango wa maji wa ploti zao. Ulikuwa umezibwa kwa mfuko wa mchanga, mfereji mkuu umejaa, maji yanapita kwenda kwa watu. Hakufikiri mara mbili. Akarudi nyumbani, akakata mgomba uliokwisha kuzaa, akaburuta shina lake hadi mferejini ingawa mgongo ulikuwa unalalamika. Akalilaza kukata mkondo, akashindilia majani na tope pembeni kama alivyofundishwa akiwa na miaka saba, kisha akauvuta ule mfuko wa mchanga. Maji yakageuka. Yakaingia ploti ya kwanza, ya pili, yakashuka hadi ya sita, yakinong'ona kwenye nyufa. Ilipofika saa nane ploti mbili za chini zilikuwa zinang'aa na za juu zimelowa. Mzee akakaa kivulini na kujisikia furaha ambayo hakuwa nayo tangu azike mwanawe. Alikuwa amemfaa mtu.

Saa kumi wakarudi na mkanda mpya. Mzee aliwasikia, akanyanyuka kitini, habari njema ikiwa tayari mdomoni. Mudrik ndiye aliyetangulia kuona.

"Nani huyu mwendawazimu aliyefungulia maji?"

Mdomo wa mzee ukajifunga. Digna alivua viatu, akaingia ploti ya tano, matope yakamfika katikati ya muundi. Kisha akatoka, akarudisha mfuko wa mchanga, akaanza kufungua njia za kutolea maji.

Mudrik akamweleza mzee kwa adabu zote kwa nini ploti ilikuwa imekaushwa, kwa nini mashine haitaingia, na kwamba mpunga wa aina ya Saro ukipitiliza siku zake unapukutika, na ukilowa miguuni upepo ukija unalala, na ukilala kwenye tope unaota hapo hapo kama mbegu. Mzee alisikiliza kila neno. Kila neno lilikuwa linamwingia kama mwiba.

"Hukuona mtu akipita huku, mzee?" Mudrik akauliza mwisho.

"Nilikuwa nimelala," alisema Mzee Emilian.

Uongo wenyewe ulitoka kwa wepesi uliomshangaza. Hakuwa mwongo. Alikuwa mzee wa kanisa kwa miaka ishirini na sita, aliyesuluhisha wanandoa na mipaka ya vihamba vya watu. Lakini mtu aliyezoea kuulizwa nani kakosa hana mazoezi ya kujibu kwamba ni yeye. Digna alikuwa hatua tano tu kutoka pale, ameinama na jembe. Alisikia. Jembe lilisita kidogo, likaendelea.

Jioni ile Digna alimpikia mtori wa ndizi, kwa kuwa alijua anaupenda, akakaa mkabala naye mpaka alipomaliza bakuli. Alikuwa na subira ya ajabu. Mzee akausifu mtori.

Ijumaa maji yalikuwa yanajichuja taratibu kama mtu asiyetaka kuondoka. Ploti nne za juu zilipata nafuu, mbili za chini zilibaki uji. Kwelea kwelea wakagundua mpunga uliochelewa, wakawa wanashuka kwa makundi, na Digna alishinda anapiga debe. Mzee aliona kwamba shina la mgomba limeondolewa mferejini, ila hakuuliza nani kaliondoa. Siku nzima alipanga namna ya kusema. Asubuhi alingoja wamalize chai. Baada ya chai alingoja awe peke yake naye. Alipokuwa peke yake naye, akaongea habari za kuku. Hesabu ilikuwa wazi kabisa kichwani mwake: akisema, ni yeye mkaguzi aliyeharibu alichokuja kukagua, na itabidi akiri uongo wake mbele ya fundi; asiposema, Wilbert atakuja kesho, ataona tope, na mama Brenda atapoteza shamba kwa kosa ambalo si lake. Alijua lipi ni sawa. Kilichomshinda ni kufungua mdomo. Alasiri alimwona Digna akitembea juu ya kingo huku akizungumza kwenye simu kwa muda mrefu, akadhani anaongea na shule.

Jumamosi Wilbert akafika na viatu vyeupe. Vibarua sita walikuwa wameshakata kona za kila ploti kwa mundu ili Bi Mkubwa apate pa kugeukia, maana mashine ya umri ule haipendi kugeuka ghafla. Digna akapanda. Injini ikakataa mara ya kwanza, ikakataa ya pili, Mudrik akaigonga mahali anapopajua mwenyewe, ikakubali kwa moshi mweusi.

Ni lazima kusema kwamba kilikuwa kitu kizuri kutazama. Ile mashine kongwe, rangi imebanduka, upande mmoja umeshonwa kwa waya, iliingia kwenye mpunga ikaanza kuula kwa mpangilio, mstari kwa mstari, majani yakimwagika nyuma na punje zikigonga ndani ya tangi lake kama mvua juu ya bati. Ploti ya kwanza, ya pili. Kwenye ya tatu Digna akasimama ghafla, akashuka, akachomoa kipande cha waya kilichokuwa kinaelekea kwenye visu, akapanda tena. Hakuna mwingine aliyekuwa amekisikia. Mzee Emilian akatazama hayo yote akajua kwamba huyu mwanamke analijua shamba hili kuliko yeye alivyowahi kulijua, kuliko hata Godwin. Alijisikia fahari, na chini ya fahari hiyo aibu.

Ya nne ikapita kwa shida. Kwenye ya tano, hatua kama kumi kutoka kwenye kingo, mkanda wa kushoto ukaanza kutitia. Digna akarudisha nyuma mara moja, lakini Bi Mkubwa alikuwa ameshakaa, ameinamia upande kama mama mwenye ndoo moja. Ikabidi tangi litolewe mpunga kwa ndoo ili apungue uzito. Zikaletwa mbao, zikaletwa tena mbao za kitanda. Saa nzima ilipita watu wakiwa ndani ya tope hadi magotini, Digna juu akikanyaga mafuta na kuachia kidogo kidogo, mpaka mashine ikajikongoja nyuma ikatoka, mkanda mmoja umechanika pembeni.

"Zilizobaki tunakata kwa mkono," Digna akasema. Alikuwa na tope mpaka kwenye nyusi. "Leo hii, kabla haujalala wote."

Ndipo Wilbert, aliyekuwa amesimama juu ya kingo pakavu, akasogea kwa baba yake. Hakujitahidi kupunguza sauti.

"Baba, umeona mwenyewe. Shemeji anajituma, hilo sikatai. Ila shamba linataka mtu wa kulifuatilia. Nasikia maji yanaingia siku mbili kabla ya kuvuna, mwenye shamba yuko mjini anazunguka na fundi."

Alilisema hilo la fundi kwa namna ambayo Mudrik aliacha bolti aliyokuwa anaikaza akamtazama. Vibarua wakainamisha vichwa. Digna alikuwa anasafisha visu vya mashine kwa kipande cha gunia, na hakugeuka. Mzee aliona anasugua kwa mara ya tatu kisu kile kile kilichokwisha kutakata.

"Maji nilifungulia mimi," alisema Mzee Emilian.

"Baba, usimtetee."

"Simtetei. Alhamisi niliona zamu inapita, nikakata mgomba, nikaziba mfereji. Mudrik aliponiuliza nikasema nilikuwa nimelala. Sikulala. Nilidanganya." Maneno yalipoanza kutoka yakatoka yote. "Na lile neno mlilokuwa mnalingoja, ni hili. Ploti zote sita ni za mama Brenda. Wiki ijayo twende tukaandikishane. Wilbert, umesikia. Na kuhusu fundi, mwombe shemeji yako radhi."

Wilbert aliangalia viatu vyake, ambavyo sasa, kwa vumbi, havikuwa vyeupe. Akanong'ona samahani isiyosikika vizuri, akaenda kusimama mbali na simu yake. Mzee akahisi mwili umemwachia kama aliyetua mzigo. Akamgeukia mkwe wake, akiwa tayari kuona uso wake unakunjuka.

Digna akaweka gunia chini. "Asante baba," alisema. "Nilijua tangu Alhamisi. Huku hakuna anayeziba mfereji kwa mgomba. Niliutoa mwenyewe, watu wasiuone."

"Mbona hukuniuliza?"

"Ningekuuliza, ingekuwa nakushitaki. Na ungekataa mbele yangu, tusingeweza kutazamana tena. Nikaona nikungoje. Alhamisi nilikaa nawe mpaka ukamaliza kula. Jana asubuhi nikakaa. Mchana nikakaa. Saa kumi nikapiga simu Mbarali, kwa jamaa yake Mudrik. Wana mashamba makubwa na hawana mashine za kutosha." Alizungumza taratibu, bila hasira yoyote, na hiyo ndiyo iliyomtisha mzee. "Bi Mkubwa anapakiwa kwenye lori Jumatano. Na Bi Mdogo. Ninakwenda nazo."

"Lakini nimeshasema, mama Brenda. Shamba ni lako."

"Umesema, na najua haikuwa rahisi. Nimekusamehe, baba, kabisa, sina kinyongo. Lakini siku mbili hizi nilikuwa nasubiri mdomo wa mtu mwingine uniambie kama nina pa kukaa. Nikajiuliza nitasubiri hivi mara ngapi. Shamba lilikuwa lako, sasa unanipa, kesho atakuja mwingine na maneno mengine. Mashine ni zangu. Nilizinunua na Godwin na nazijua. Nimetoa neno langu Mbarali na sitalirudisha."

"Na mtoto?"

"Brenda akifunga shule atapanda Mwika kukusalimia, kama siku zote. Ploti mpe Wilbert, au tafuta mtu mwingine wa kulima."

Kwao Mzee Emilian mtu mzima akikosa hukata jani la isale, humpa mjumbe alipeleke, na aliyeletewa isale hana ruhusa ya kukataa. Husamehe, na mambo hurudi yalivyokuwa. Maisha yake yote alikuwa ameelewa kwamba kusamehewa na kurudishiwa ni kitu kimoja. Hapa alikuwa amesamehewa, mbele ya watu, kwa moyo mweupe, na bado alikuwa anaachwa.

Digna alikuwa ameshachukua mundu na kuingia ploti ya tano pamoja na vibarua, kwa kuwa jua lilikuwa linakwenda na mpunga wa chini ulikuwa umeanza kuinama. Mzee alivua koti, akavua viatu, akakunja suruali. Mudrik alitaka kumzuia, akaacha. Akaomba mundu, akapewa. Tope lilikuwa la baridi. Akachukua mstari ulio kando ya mkwe wake, akainama, akashika mpunga kiganjani na kukata, na wakaenda hivyo bega kwa bega hadi mwisho wa ploti.